Gidamu ya Mkono

Kamera nzito haimchoshi mtu begani kwanza, kama wengi wanavyodhani. Humchosha kidole gumba. Bega lina mfupa mpana na nyama ya kutosha, nalo limezoea ndoo, mtungi, jembe na mtoto. Kidole gumba hakikuumbwa kwa kubeba. Kiliumbwa kwa kushika, na kushika ni kazi ya kitambo kidogo tu. Mtu anayekamata kitu cha kilo tatu kwa vidole tangu asubuhi mpaka magharibi amekigeuza kidole kile kuwa hamali, na hamali asiyepewa mahali pa kutua mzigo haachi kuudondosha siku moja.

Katika mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, yuko mwanamke wa makamo ambaye kwa zaidi ya miaka 20 ameishi kwa kupiga picha. Wateja wake ni wale wale wa kila mji mdogo: maharusi, watoto wa kipaimara, wahitimu wa darasa la saba, wazee wanaotaka picha ndogo za vitambulisho, na wafiwa wanaoomba sura ya marehemu ikuzwe iwekwe sebuleni. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukavunja reli na kuingia majumbani, watu waliopoteza albamu zao walimjia mmoja mmoja kuuliza kama bado anazo negativi. Alizokuwa nazo aliwasafishia. Tangu siku zile hakuiita tena kazi yake biashara ndogo, ingawa kipato hakikuongezeka hata kidogo.

Kilichomletea maumivu, hata hivyo, si maharusi bali simba. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, haiko mbali na mji wake. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata katikati, hata watu wengi wa nchi hii wamemwona twiga wao wa kwanza kupitia kioo cha basi la Iringa au Mbeya. Lakini kalenda zilizoning'inia madukani Kilosa zilikuwa na simba wa Serengeti na faru wa Ngorongoro. Mwanamke huyu aliona si haki. Nchi ina wanyama wake nyuma ya kilima, na watoto wake wanajifunza miezi ya mwaka kwa wanyama wa watu wengine! Akaazimia kutengeneza kalenda ya Mikumi, na kwa ajili hiyo akauza cherehani na shamba dogo la ufuta, akanunua kamera ya mtumba aina ya Nikon D850 pamoja na lenzi ndefu ya milimita 200 hadi 500.

Kamera hiyo pamoja na betri yake ina uzito wa gramu 1,005. Lenzi na pete yake ya kuegeshea ni gramu 2,300. Jumla ni kilo tatu na gramu mia tatu na ushei, yaani uzito wa mtoto mchanga aliyezaliwa salama. Tofauti ni kwamba mtoto mchanga hupakatwa. Hakuna mama anayemning'iniza mwanawe kwa vidole vitatu.

Mwezi wa nne wa kazi ile ndipo mkono wa kulia ulipoanza kufa usiku. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa ganzi, na cha pete nusu yake tu, upande ulioelekea cha kati. Kidole cha mwisho kilibaki kizima kama kwamba hakimo katika mkono ule. Aliamka akaukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, damu ikarudi na sindano zake, akalala tena. Daktari alipomsikiliza hakushangaa. Katika kifundo cha mkono upo mfereji mwembamba, chini yake mifupa, juu yake ukano mgumu, na ndani yake hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kukamata na kukamata, mshipa ule hukosa nafasi, na vidole unavyovihudumia ndivyo hivyo vitatu na nusu. Dawa ya kwanza ni kupumzika. Dawa hiyo ni nzuri kwa mwenye mshahara.

Kilichokuwa hatarini si mkono tu. Kidole cha shahada ndicho kinachobonyeza kitufe; kikiwa ganzi, picha hupigwa mapema au huchelewa, na simba hamngoji mtu. Gumba likiteleza, cherehani na shamba la ufuta vinaanguka chini pamoja na kamera, juu ya changarawe ya Mkata.

Alianza na ule mkanda wa shingoni unaokuja na kamera. Kila mpiga picha huanza nao, na karibu kila mwenye lenzi ndefu huuacha. Kilo tatu zikining'inia shingoni huvuta kichwa mbele, hugonga kifua kwa kila hatua, na kwa mwanamke aliyejitanda kanga mkanda huo hugombana na nguo kutwa nzima. Kisha akajaribu kitanzi cha kifundoni, kile kinachovaliwa kama kikuku na kufungwa upande mmoja wa kamera. Kitanzi hicho ni rafiki wa kamera ndogo, kwa kuwa hukidaka kitu kisianguke. Kwa kamera nzito ni adui, maana uzito wote ukishuka hukaza pale pale penye mfereji ule aliouelezwa na daktari. Ni kama kumfunga mgonjwa kamba juu ya jeraha.

Kilichobaki ni aina ya tatu: ukanda mpana unaopita juu ya mgongo wa mkono. Upande wa juu hufungwa katika tundu la kamera lililo kulia, karibu na kitufe; upande wa chini hushikwa na bamba dogo linalokazwa kwa skrubu kwenye lile tundu la kiti cha miguu mitatu. Mkono huingizwa kati ya ukanda na kamera kama mguu uingiavyo ndani ya ndara. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kusema. Lugha hii haina uchache wa maneno ya vitu vya kufungia: ukanda, mkanda, mshipi, ugwe, kigwe, kitanzi, hatamu. Hatamu humwongoza mnyama, mshipi hukaza nguo kiunoni, kitanzi hunasa. Lakini kile kinachokishika kiatu mguuni bila ya mguu kukishika kiatu, watu wa pwani wamekiita gidamu tangu zamani, na kila aliyevaa makubadhi anaijua kazi yake. Gidamu ikilegea, vidole vya mguu hujikunja kutafuta kiatu kisiponyoke, na mtu akifika mwisho wa safari anaumwa na muundi asijue kwa nini. Gidamu ikikaa sawasawa, vidole hulala, na mwendo unakuwa wa mguu mzima. Mkono nao ni vivyo hivyo. Ukanda mwema ni ule unaomruhusu mtu kukunjua vidole vyote vitano, na kamera isitoke mahali pake. Hakuna kipimo kingine kinachokishinda hiki.

Wapiga picha wa zamani hawakuwa na taabu hii, au tuseme taabu hii ilikuwa juu ya watu wengine. James Augustus Grant alipokuja Unguja mwaka 1860 pamoja na Speke alipiga picha mjini, kisha vyombo vikaingia bara pamoja na msafara. Speke ndiye aliyemkataza kuendelea, kwa kuwa joto la kile kihema alimotengenezea vioo vyake lilikuwa karibu kumwua. Tangu hapo Grant alichora kwa mkono. Msafara wao ulipita Usagara, nchi ambayo leo sehemu yake imo katika wilaya ya Kilosa. Lakini uzito wa vyombo vile haukuwa mikononi mwa Grant hata siku moja. Ulikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, na vichwa havikuandika vitabu vya safari. Baadaye zikaja studio. Capital Art, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mojawapo ya zile ambazo watu wa visiwani wanazikumbuka kwa mapenzi. Katika studio kamera husimama kwa miguu yake mwenyewe, na anayechoka ni anayepigwa picha, kwa kuambiwa asitikisike.

Uzito uliingia mkononi pale kamera ilipotoka nje kumfuata mwanadamu, na katika Afrika Mashariki hakuna aliyeutoza mkono wake ushuru mkubwa kuliko Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanza kupiga picha angali mtoto wa shule Dar es Salaam, na huko huko akaianzisha Camerapix mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 aliyapiga. Njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 aliionyesha dunia nzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wake wa kushoto. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alipoteza maisha. Mpiga picha wa kawaida anaweza kudhani kwamba wa kushoto ni mkono wa akiba. Sivyo. Wa kushoto ndio unaobeba lenzi kwa chini. Wa kulia huelekeza na kubonyeza. Amin alitengenezewa mkono wa bandia wa umeme, akarudi kazini akiwa na mkono mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, na akaendelea hivyo hadi Novemba 1996, alipokufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Ngazija. Anayefikiri habari ya ukanda wa mkono ni jambo la starehe na aitazame miaka mitano ile ya mwisho.

Yule mama wa Kilosa aliagiza ukanda wake wa kwanza kutoka Kariakoo. Ulikuwa wa nailoni, na ndani yake sponji nene. Kwa siku mbili za kwanza aliusifu. Siku ya tatu, jua la Mkata likiwa limepanda, sponji lile lilijaa jasho kama kitambaa cha kuoshea vyombo, mkono ukaanza kuteleza ndani yake, na pindo la nailoni likamkwaruza juu ya fundo la kidole cha shahada. Tena ulikuwa laini mno. Wauzaji husifu ulaini kwa kuwa ndio unaohisiwa haraka dukani; lakini ukanda unaonyumbuka huifanya kamera iruke kwa kila hatua, na kila mruko mdogo vidole huukamata tena. Mwisho wa siku mkono umekamata mara elfu bila ya mwenyewe kujua.

Na nyuzi zile za plastiki zina deni lao katika wilaya ile. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka humo yakazaliwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na Kimamba na Rudewa, jirani na Kilosa, zikawa nchi ya mkonge na ya manamba waliokuja kuukata kutoka mbali. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000, ikaongoza duniani. Sehemu kubwa ya singa zile ilikwenda kuwa kamba za kufungia nyasi na nafaka katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Kisha ikaja kamba ya polipropilini, nyepesi, isiyooza, ya bei ya chini. Bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata moja ya tano ya yale ya 1964. Haifai kumwambia mtu aache ukanda wa plastiki kwa kuwa babu yake alikuwa mkata mkonge. Lakini haikuwa ajabu kwamba alipoutupa, wazo lake la kwanza lilikuwa singa.

Alisuka ukanda wa mkonge, njia tatu, mpana kama vidole vitatu. Ulikuwa mzuri wa kutazama, rangi ya samli. Haukunyumbuka hata kidogo, na mtu angeweza kumfunga fahali kwao. Ngozi ya binadamu, hata hivyo, haikuusamehe. Singa huchoma, hunywa jasho likaukia ndani kwa chumvi, baada ya wiki mgongo wa mkono ulikuwa umechubuka kama goti la mtoto. Aliufunika kwa kipande cha kanga kuukuu, ukafaa zaidi, lakini kanga ilihama hama ndani ya ukanda na kujikunja. Ukanda ule sasa anaufungia jogoo.

Ndipo akaenda kwa fundi viatu, mzee aliyekaa kivulini upande wa sokoni na ndoo ya maji ya kulainishia ngozi miguuni pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiatu kipi?"

"Si kiatu, mzee. Ni mkono."

Mzee hakucheka. Aliitazama kamera, akamwambia aishike kama anavyoishika porini. "Mbona unaikaba kama kuku anayetaka kukimbia?" Akachukua uzi, akaupima mkono kwa kuvuka mafundo manne ya vidole, gumba akaliacha nje. Kisha akauweka uzi chini, akasema: "Rudi alasiri. Mguu haupimwi asubuhi. Kutwa nzima ya jua huuvimbisha, na kiatu kilichokatwa asubuhi jioni kinabana. Mkono nao una damu ile ile."

Alirudi alasiri, na kipimo kilikuwa kimezidi kwa upana wa ukucha. Huo ukucha ndio tofauti ya ukanda unaovalika na ukanda unaokatiza damu, na hakuna duka linaloweza kuuza ukucha huo, kwa kuwa duka halina alasiri ya mkono wa mtu.

Ngozi aliyoichagua mzee ilikuwa ya ng'ombe, ya mgongo, si ya tumbo, kwa sababu ya tumbo hunyumbuka. Ngozi katika wilaya ya Kilosa haina historia nyepesi: mifugo na mashamba vimegombania maji na malisho kwa miongo mingi, na mwezi Desemba mwaka 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Mzee hakuyataja hayo. Alisema tu kwamba ameinunua mnadani. Aliikata iwe pana katikati, mahali inapolala juu ya mkono, na nyembamba kwenye ncha zote mbili. Akazilaza kingo zake kwa nyundo na kuzisugua kwa nta mpaka zikawa mviringo, maana ukali wa ukanda wowote uko ukingoni, si katikati. Ndani alishona kipande cha ngozi laini ya mbuzi, uso wake wa nyama ukielekea mkononi ili unywe jasho. Uzi aliupitisha mara mbili kwa sindano mbili zinazopishana, ili mshono mmoja ukikatika mwenzake ubaki. Bamba la chini na skrubu yake hakuweza kutengeneza. Hivyo vilitolewa katika ule ukanda wa nailoni. Upande wa juu akaweka kifungo kama cha mshipi, chenye matundu manne, ili mwenyewe aupunguze asubuhi na kuulegeza jua likipanda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mzee hakuliona na yule mama aliliona mara moja. Ukanda ulikuwa umepanda juu mno, ukakigusa kidole cha shahada, hata kubonyeza kitufe kukawa ni kunyoosha. Ukanda ukikaa juu ya mafundo ya vidole huufunga mkono. Ukikaa nyuma yake, juu ya mifupa mirefu ya kiganja, huuachia vidole vyote. Mzee aliushusha kwa kuikata ncha ya juu na kuipindisha kidogo kuelekea gumba. Kazi ya dakika kumi, na ndiyo iliyoamua kazi nzima.

Ukanda huo haubebi kila kitu, wala hakuna ukanda unaoweza. Tundu la kamera ni dogo na kilo mbili za lenzi ziko mbele yake; anayetembea na kamera ikining'inia mkono mmoja anaumiza tundu, kifundo na kiwiko kwa pamoja. Akiwa anatembea yule mama huikamata lenzi kwa mkono wa kushoto, penye mguu wa pete yake, na wa kulia huwa umelala tu ndani ya gidamu. Ndani ya gari hutumia kifuko cha mchele alichokishona mwenyewe, kilo mbili, hukilaza juu ya dirisha lililoshushwa na lenzi juu yake. Mchele haulii kama changarawe, na kurudi nyumbani huliwa. Kwa miguu mitatu inambidi aufungue ukanda chini kwanza, jambo linalomkera, maana tundu ni moja na wenye kulitaka ni wawili.

Kalenda ilitoka. Mwezi wa tatu una nyati watano ndani ya ukungu wa Mkata, na mwezi wa tisa una simba jike aliyelala juu ya barabara ya vumbi, nyuma yake kwa mbali basi likipita kwenye lami. Wateja wengi wanaupenda mwezi wa tisa kwa sababu ya basi.

Usiku mwingine mkono bado hufa, lakini si kila usiku, na vidole huamka upesi zaidi. Ngozi imekuwa nyeusi mahali inapogusa mkono, na kabla ya masika yeye huipaka mafuta ya nazi kidogo sana ili isiote ukungu. Alipompelekea mzee kalenda moja kama zawadi, mzee aliitundika juu ya ndoo yake, akauchukua ukanda, akauvuta kwa nguvu na kuutazama kwenye mwanga.

"Umenyooka kidogo," alisema. "Mvua zikikatika uje, nikutobolee tundu la tano."